Sufuri Tatu za Fundi

Fundi cherehani alikuwa na jicho la kuona mshono uliopinda mteja angali ng'ambo ya barabara, na jicho hilo ndilo lililomfanya aombwe na mtaalamu wa wadudu kuhesabu vipepeo. Kichakani nyuma ya zahanati waliishi vipepeo wa aina mbili wanaofanana kama pacha. Mmoja tele, mwingine ameadimika, na tofauti yao ni vitone vyeupe kwenye pindo la bawa. Wasomi walibabaika, lakini Fundi, mtu wa mapindo, hakukosea hata siku moja. Kila Jumatano jua likiwaka alipita njia ileile na fomu ya kumhesabu yule adimu, mkewe akimtania kwamba ameletewa wake wenza wenye mabawa.

Kisha zikaja sare za shule, na wazazi hawana subira. Jumatano ya kwanza hakwenda. Akaona haya kurudisha fomu tupu, akaandika sufuri. Ya pili sufuri, ya tatu sufuri. Kwani kipepeo anasoma fomu?

Aliposhona kifungo cha mwisho alikwenda kichakani, akakuta trekta limeshapita. Muuguzi alimweleza kuwa zahanati ilitaka maegesho ya magari, na idara ya wanyamapori ikakubali kwa kuwa hesabu zilionyesha yule adimu ametoweka. Fundi akainama penye matawi yaliyokatwa. Chini ya jani lililonyauka kilining'inia kifuko cha kiwavi aliyekuwa akigeuka kipepeo, kimekauka. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu hakuwa hata jamaa yake. Fundi akajichukia.

Siku tatu alijificha nyuma ya cherehani yake. Ya nne akaenda kwa yule mtaalamu wa wadudu, binti wa rika la mwanawe. Binti akadhani amekuja kuomboleza, akampa pole na kumshukuru kwa uaminifu wake. Shukrani hizo zilimchoma kuliko tusi.

"Mwanangu, zile Jumatano tatu sikwenda."

Binti alizitoa zile fomu tatu, akaweka kidole kwenye sufuri.

"Ungeacha wazi tu, baba. Ningeona pako wazi, ningekwenda mwenyewe."

Hakumfokea. Alifungua droo akampa fomu mpya, maana njia bado inahitaji mtu wa kuipita, na macho kama yake hakuna.

Jumatano iliyofuata jua liliwaka. Fundi alipita polepole kati ya magari, akikagua kila ua lililosalia ukingoni, saa nzima. Kisha akaandika sufuri, na safari hii ilikuwa kweli.