Karani wa Tiketi na Kisiwa Kirefu

Karani wa tiketi pale Hallunda hauzi safari kabla hajaichora. Hulamba kidole gumba, akageuza bahasha, akachora kwa kalamu ya kijani huku akivumisha wimbo puani. Adrienne alimjia akitafuta mahali pa mbali panapozungumzwa Kifaransa, maana, alimweleza, mume aliyemwacha baada ya miaka kumi na tisa alikuwa anamwoa mwanakwaya mmoja Jumamosi, kule Tumba, mji wa jirani, na kanisa zima limealikwa.

"Kaledonia Mpya," karani akasema, akachora kisiwa kirefu kama mkate. "Katikati milima mitupu. Mashariki mvua na misitu, magharibi pakavu, ng'ombe tele. Matumbawe yamekizunguka chote, kwa hiyo bahari ya ndani imetulia kama maji ya beseni. Unapitia Paris, halafu Tokyo."

"Mbali hivyo?"

"Mama, ukipita hapo unaanza kurudi!"

Adrienne akacheka, kisha akauma mdomo. "Lakini hiyo Jumamosi itanifuata hata huko."

Karani akashusha miwani kutoka kipajini, akauliza arusi ni saa ngapi. Saa kumi alasiri. Akahesabu kwa vidole polepole, akarudia tena, kama anavyomfanyia kila mteja.

"Saa hiyo kule ni saa saba usiku. Wao wakiingia kanisani, wewe Jumamosi umeshaimaliza. Umelala, ni Jumapili."

"Kata," alisema Adrienne. "Kata hiyo tiketi haraka, kabla sijaanza kuwahurumia."