Vitanda vya Baba Mkwe

Kazini walimwita Kasma, maana alizijua kasma, vile vifungu vya matumizi ya bajeti, kama anavyojua majina ya wanawe. Alikuwa mhasibu wa hospitali ya serikali. Baba mkwe wake, mchomeleaji vyuma, aliposhinda zabuni ya vitanda vya wodi, Kasma alikaa mbali, asije akaambiwa wanabebana.

Vitanda vilifika mwaka wa fedha ukiwa ukingoni. Wagonjwa wakalazwa siku hiyohiyo. Lakini hazina ilichelewa kuleta fedha, mwaka ukafungwa, na fungu la vitanda likafa nao.

Mzee alikuja ofisini amevaa shati lake la kutokea.

"Mwanangu, vitanda si mmevipokea?"

"Tumepokea, baba."

"Basi kwenye vitabu vyenu nimo."

"Hapana, humo, baba. Sisi tunaandika fedha ikishatoka. Isipotoka, kwa hesabu zetu ni kama hatujanunua kitu. Tusubiri bajeti mpya."

"Na benki nayo isubiri?"

Benki haikusubiri. Karakana ya mzee haikuwa kampuni, ilikuwa jina la biashara tu, na mbele ya sheria deni lake lilikuwa deni la mzee mwenyewe. Mkopo wa kununulia vyuma ukaimeza nyumba. Dalali aliinadi kwa kipaza sauti, majirani wakisikiliza.

Mzee na mkewe wakahamia kwa binti yao, nyumbani kwa Kasma. Kukaa kwa mkweo si mchezo. Mzee aliwahi kuoga kabla ya wote, asikutwe koridoni na taulo. Mezani alishiba kabla hajala. "Siku ya tatu imepita," alitania, "jembe langu liko wapi?" Hakuna aliyecheka, naye akaanza kukaza bawaba za milango zisizolegea. Mke wa Kasma hakugomba. Aliacha tu kumuuliza mumewe habari za kazi.

Bajeti mpya ilipopita, malipo yalitoka yote, bila riba. Kasma alimkuta mzee ameketi kwenye kitanda cha wajukuu.

"Imeingia, baba."

"Ahsante, mwanangu. Mama yenu anauliza, yule aliyenunua nyumba ataturuhusu tukachimbue mawaridi yake aliyoyaacha uani?"

"Nitamuuliza, baba."

Alikwenda jioni ileile. Ua wote ulikuwa umemwagwa zege mpaka ukutani. Kasma akabaki getini, akitafuta maneno ya kurudi nayo nyumbani.