Kizimba cha Josphat Kasyoki

Josphat Kasyoki wa Mumbuni alikuwa fundi wa mageti, na kwa kiburi hakuwa na mfano. Kila akimaliza kuchomelea, alisaga kiungo kwa grainda mpaka kikawa laini, akapaka rangi, kisha akakuuliza, "Nionyeshe chuma imeshikana wapi." Hupaoni. Wateja wa Machakos hawataki geti lenye makovu. Mimi jirani yake nilimkosoa mara moja tu, mwaka 1994, na mpaka leo hanisalimu.

Mwaka 1998 Gatimu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinunua Subaru kuukuu ya mashindano ya magari. Sheria ilitaka ndani ya gari muwe na kizimba cha mabomba ya chuma, ili likipinduka paa lisiwaponde waliomo. Gatimu, bahili wa kutupwa, akakimbilia kwa fundi wa mageti. Josphat alikubali kwa sababu msoma ramani, atakayeketi kushoto kwa Gatimu, alikuwa Nzisa, binti yake Josphat mwenyewe. Kizimba kikang'aa.

Siku ya ukaguzi, Mwihaki, mkaguzi kutoka Nairobi, alipitisha kidole kwenye viungo akakunja uso.

"Hii imesagwa. Siwezi pitisha."

"Imesagwa ndio ikuwe safi, madam. Kwani wewe umewahi shika weldingi?"

"Fundi, gari ya kiwanda hugongeshwa kwa ukuta kwanza, ndio ijulikane kama itashikilia. Hii yako haijagongwa popote. Kitu tuko nayo ya kuamini ni weldingi, na hiyo ndiyo umesaga ukamwaga chini."

Gatimu alimwita mkaguzi mchawi. Nzisa, helmeti kichwani, alimwambia aende akakague sufuria. Josphat akatema mate, akachukua nyundo kubwa apige mwenyewe, ili mwanamke huyo aaibike mbele ya watu.

Pigo la kwanza, hakuna kitu. La pili, rangi ikapasuka. La tatu, kiungo kikaachia, bomba likaning'inia juu ya kiti cha kushoto, pale ambapo kichwa cha Nzisa kingekuwa.

"Chomelea haraka twende!" Gatimu akafoka.

Josphat alichomeka grainda kwenye jenereta akaanza kukata kizimba chote, bomba moja baada ya jingine. Gatimu alimtukana matusi yasiyoandikika. Nzisa alimvuta shati akilia.

"Baba, unanimaliza! Hii gari ndio nafasi yangu!"

Hakusimama mpaka mabomba yote yakalala kwenye nyasi. Wala Josphat hakumpa mkaguzi asante. Nijuavyo mimi, anamchukia hadi leo.

Nzisa hakumsemesha mpaka Krismasi. Jioni ya siku ile ya ukaguzi alimtupia sahani mezani, akaketi mkabala naye na kumkodolea macho ya chuki. Josphat alikula taratibu, akimtazama mwanawe anavyopumua kwa hasira, na hakutaka aondoke mezani.