Kilio cha mwandishi wa Amerika, kwangu mtaani Umbilo

Leo wamama wa kanisa wamekuja kwangu kumlilia mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita!

Kosa ni langu. Niliweka kwa status ya simu picha ya mwandishi maarufu wa Amerika: "Pumzika, muzee." Riwaya ninayosoma imemfufua, ikamtuma sayari nyingine, halafu ikamuua tena.

Wao walidhani ni patron wangu, bosi wa kazini.

Viti vya plastiki, thermos ya chai. Mama Pasta ananikazia macho: "Marehemu alikuwa nani yako?"

Eish. Nikasema ukweli.

Hakuna aliyecheka.

"Alikuwa na watoto?" Mama Pasta akauliza.

"Ndiyo, mama. Karibu wote aliwazika mwenyewe."

Mama Pasta, aliyezika watoto wawili kule nyumbani Uvira, akavua viatu, akaketi.

"Basi, tuimbe."

Wewe ungewafukuza?