Mtoto Aliyeacha Kuuliza Majina

Iko siku moja ambayo kumbukumbu haitaki kuiachia, mwanangu: asubuhi niliyong'oa nanga katika mji mdogo wa Santa Rosalía, nchini Meksiko, bila kumuaga mwanamke aliyetulisha. Nakuita mwanangu ingawa huenda tumepishana miaka michache tu. Nisamehe. Kuna uchungu unaomzeesha mtu kabla ya mvi, na wangu umenipa ruhusa ya kukaa kwenye kigoda cha wazee na kukusemesha.

Mimi ni mzaliwa wa Mlali, wilaya ya Kongwa. Bahari niliiona nikiwa mtu mzima. Mume wangu, Baba Neema, ni fundi wa injini, na kazi ndiyo iliyompeleka Meksiko. Mwenye boti moja ya matanga, mzee asiyeweza tena kusafiri, alituruhusu tuishi humo kwa sharti kwamba tuitunze na kuitembeza pwani, isioze gatini. Basi tukahamia humo watatu: yeye, mimi, na binti yetu Neema, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele.

Sikuwa nimesomea ubaharia, wala ualimu, wala Kispanyola. Vyote nilijifundisha, usiku na mchana, kwa hofu. Nilikuwa mtu wa kurudia fundo la kamba hadi vidole vichubuke. Nilimfundisha Neema mwenyewe humo botini, na herufi ikitoka nje ya mstari nilifuta ukurasa mzima. Nilijiambia kwamba mtoto huyu hatafungwa na ukame ulionifunga mimi. Ataona miji yote ya pwani ile, mmoja baada ya mwingine, kutoka kaskazini hadi kusini, na hakuna utakaorukwa.

Neema wa siku zile alikuwa mtoto wa kuuliza majina. Tukifika gatini, kabla sijamaliza kufunga kamba, ameshatoka. Akirudi anarudi na majina kama mtu aliyetoka kuokota kuni: huyu Lupita, yule Chuy, mbwa wa duka anaitwa Canelo, na bibi anayeuza chapati nyembamba za mahindi anaitwa Doña Chayo.

"Mama, wanachemsha mahindi na chokaa!"

"Chokaa ya ukutani?"

"Sijui! Lakini hawafi. Nimekula tatu."

Kwa huyo Doña Chayo ndiko Neema alikoshinda. Alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya kuuza samaki. Alimfunga Neema aproni iliyofika miguuni na kumweka kwenye donge la unga. Mimi nilipokwenda kumchukua, alinikalisha kwa nguvu na kunilisha. "Wewe mwembamba una haraka gani?" aliniuliza. "Bahari haiibwi." Mjukuu wake mchanga alikuwa karibu kubatizwa, na Doña Chayo aliamua Neema ndiye atakayebeba maua kanisani. Akamshonea gauni jeupe. Neema alikwenda kulijaribu na kurudi akitembea kwa madaha, kama bibi harusi asiye na meno.

Kisha upepo wa kaskazini ukakaa vizuri, upepo wa kutupeleka kusini.

"Tungoje ubatizo," Baba Neema akasema. "Siku mbili tu, Mama Neema."

"Upepo haujui ubatizo."

"Na mtoto?"

"Mtoto atasahau."

Tuliondoka alfajiri. Hata kuaga sikuaga, maana niliogopa machozi, ya Neema na ya yule mama, na machozi hayakuwa kwenye mpango wangu. Mimi, mtoto wa Mgogo, niliyefundishwa kwamba huli kwa mtu ukaondoka kimya kama fisi! Neema alipoamka, mji ulikuwa umeshazama nyuma yetu. Aliniuliza gauni liko wapi. Nikamwambia liko kwa mwenyewe. Hakulia. Nami, mjinga, nikamshukuru Mungu.

Mji uliofuata, mvuvi mzee alisimama gatini akamsalimia. Neema akamtazama tu.

"Neema, msalimie babu."

"Wa nini? Kesho si tunaondoka."

Nilimfinya. Akasalimia, tena kwa Kispanyola safi kuliko changu, kisha akarudi ndani. Baada ya hapo, kila tulipofunga kamba, Loreto, La Paz, na vijiji ambavyo hata ramani imevidharau, mtoto alibaki na daftari lake. Wenzake wakija kumwita alisema ana kazi. Nikimuuliza yule msichana wa boti ya jirani anaitwa nani, alinijibu, "Yule msichana." Lakini mwandiko wake, mwanangu! Hakuna herufi iliyotoka nje ya mstari. Hesabu zote sahihi. Baba Neema alikuwa akimwangalia mtoto kisha ananiangalia mimi, na mimi nilidhani anastaajabia ualimu wangu. Nilijisifu kwamba ametulia. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Mimi nilikula ya mtoto.

Yule mzee mwenye boti alipoiuza, tulirudi nyumbani. Tulipanga nyumba hapa mjini, Ihumwa, kisha tukaenda Mlali kwa mama yangu. Mama alitoka mbio na unga mikononi, akipiga vigelegele. Neema akatoa shikamoo iliyonyooka, akaketi ukingoni mwa benchi, begi mapajani, viatu havijavuliwa. Jioni begi lilikuwa bado mapajani. Binamu zake walimzunguka, wakachoka, wakaenda kucheza.

Wiki ile mama aliniita zizini. Alikuwa anakamua, na mama yangu alikuwa hasemi jambo zito mpaka mikono yake iwe na kazi.

"Mtoto umemfanya nini?"

"Nimemwonyesha dunia, mama. Na sisi si watu wa kuhama? Babu si alihama na ng'ombe?"

Alicheka, kicheko kisicho na utamu. "Babu yako alihama na zizi zima! Na wake zake, na jirani zake, na mama mkwe mwenye mdomo kama shoka. Alipofika kule, waliogombana naye jana aligombana nao leo. Huko ndiko kuhama. Wewe umehamisha ndama peke yake." Akaendelea kukamua, maziwa yakilia kwenye ndoo. "Ndama ukimpeleka zizi hili leo, lile kesho, anaacha kuitika jina. Unamwita, anakutazama kama unaita jiwe. Na ananenepa vizuri tu. Ndiyo maana mchungaji mjinga hushangilia."

Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia yeye hajatoka Kongwa, atajuaje malezi? Alimfungua ndama akanyonye, akaingia ndani. Maneno yangu hayo makali sikuwahi kuyafuta.

Masika yaliyofuata mama aliugua kifua, akafa. Msibani binamu zake Neema walilia hadi sauti zikakauka. Neema, aliyekuwa akikaa na bibi yake kila likizo tangu turudi, alipanga viti, akagawa maji, akaosha vikombe. Wanawake walimsifu: binti mwenye adabu, hana usumbufu. Tulipomaliza kuzika nilimkuta nyuma ya jiko, anapangusa sahani kwa utaratibu.

"Neema, hukumpenda bibi?"

Alifikiri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniua.

"Nilijua ataondoka," akasema. "Nilijiandaa tangu tulipofika."

Kisha akachukua sahani nyingine.

Huyo ndiye mtoto niliyemkuza, mwanangu. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Walimu wake wa hapa mjini wananipongeza. Anashika nafasi za juu, vitabu vyake havina doa. Ananiita mama, ananipokea mzigo, ananiuliza kama nimekula. Sijawahi kuthubutu kumuuliza kama na mimi ameshajiandaa kunikosa. Naogopa atanijibu ukweli, kwa mwandiko ule ule mzuri.

Basi nisikilize, wewe ambaye bado mtoto wako anarudi na majina. Nenda unakotaka, kwa boti, kwa basi, kwa uhamisho wa kazi, dunia ni ya Mungu na haina uzio. Lakini usimpitishe mtoto kwa watu kama unavyompitisha sokoni. Ukifika mahali, kaa mpaka kuwe na mtu wa kuwakumbuka. Ukiondoka, aga, tena aga na mtoto ukimshika mkono, hata kama upepo utakupita na mpango utaharibika. Akilia, mwache alie. Ukimnyima kilio hicho, hutajua ni lini kitakatika na kutorudi tena. Na mtoto akitulia ghafla, usishangilie. Mwite jina, usikilize kama anaitika.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe safari na akupe marejeo. Akujalie mtoto atakayekulilia mlangoni unapotoka, na akujalie wewe akili ya kutomwambia anyamaze.