Kaka Yangu Aliyepeleka Amani Kongo

Kaka yangu alipokuja kuaga kwamba anakwenda kulinda amani Kongo, mama yetu alimwuliza swali moja. Mama ni Msukuma wa kijijini, Kiswahili amekianza ukubwani, na kwetu ukisalimiwa unajibu "mhola", yaani mzima, amani tupu.

"Mhola si ipo hapa?" alisema. "Ng'ombe wapo, watu wanalala. Hiyo ya huko mtaipeleka na lori?"

Tulicheka, kaka akacheka kutushinda wote. Kisha akamweleza kwamba majeshi ya nchi kadhaa yameombwa yaingie, yawatenganishe wanaopigana, raia wapumue. Alieleza vizuri sana. Alikuwa amefundishwa kueleza.

Kwenye suala la lori mama hakuwa amekosea. Nina mgahawa Isaka, karibu na wanapoegesha malori ya mizigo ya kwenda magharibi, na kipindi kile amani ilipita mlangoni kwangu ikiwa ndani ya makontena. Madereva walikuwa wakinisimulia walichobeba: mahema, viti vya kukunja, vyoo vya plastiki, biskuti, na maji ya kunywa ya chupa, katoni juu ya katoni, yakipelekwa kwenye nchi ya mito na maziwa kutoka huku kwetu tunakogombania maji ya lambo na ng'ombe. Sikulalamika. Wasafirishaji wa amani walikula vizuri, na mabati ya mgahawa wangu nilibadilisha wakati huo.

Kaka alirudi na nishani, na sikio la kushoto lisilosikia. Bomu lilikuwa limeanguka karibu naye. Tukachinja mbuzi kwake, mtaa wa Ngokolo, wazee wakampa mkono, na hakuna aliyeuliza kama hiyo amani aliiacha mahali salama.

Alipostaafu alijaribu bahati yake machimboni Geita. Kule wachimbaji hushuka kwa kamba kwenye shimo wanaloliita duara, na wa juu akipiga kelele "Toka!" unatoka bila kuuliza. Kaka, kwa sikio lile, aliendelea kugonga mwamba. Wenzake walimpenda, ndiyo maana wakamwomba aondoke kabla hawajamzika. Akaja kwangu, eti kunisaidia. Kazi aliyoifanya hasa ilikuwa kuangalia taarifa ya habari.

Kila taifa kubwa liliporusha ndege kwenda kupiga nchi ya watu, Afande, kama wateja walivyomwita, aliisimamia vita hiyo mezani kwangu. Kopo la chumvi lilikuwa mji mkuu, chupa ya pilipili manowari, vijiti vya meno vikosi vya nchi kavu.

"Hapa wanaingia kuwakomboa raia," alisema siku moja.

"Raia wako wapi hapo?" aliuliza muuza vocha, mteja wangu wa kila siku.

Kaka akaitazama meza. Raia alikuwa amewasahau. Akachota maharage machache kwenye sahani ya jirani yake, akayamwaga katikati ya vijiti, na mwenye sahani akasema angalau wangemkomboa yeye kwanza, maana bado hajashiba. Ukombozi huo ulitufikia na sisi baadaye: dizeli ilipanda bei, malori yakapungua, nami nikabaki na sufuria la wali lisilo na mlaji.

Basi mchana mmoja, vita nyingine ikiwa imepamba moto mezani, aliingia dereva mgeni, mtu mzima mwenye kofia ya sufu licha ya jua la Isaka. Akaagiza supu, akaionja, akanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi.

"Subiri, ndugu," kaka akamzuia. "Huo ni mji mkuu."

"Basi niazime mji mkuu kidogo," yule dereva akasema. "Supu haina chumvi."

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Kaka naye akacheka, akamwuliza anatoka wapi. Dereva akautaja mji wake huko Kongo, na kaka akasimama wima.

"Mimi nimekaa huko! Sisi ndio tuliowalinda!"

"Mulikuwa ku masomo, pale juu ya kilima?" Kwao shule huiita masomo.

"Hapohapo! Kambi yetu. Eneo zuri, unaona barabara zote mbili."

"Ni pazuri, ndiyo," dereva alisema. "Batoto yangu walisoma pale."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa akikoroga supu yake. Majeshi yalipofika, alisema, watoto walihamishiwa kanisani, wakasomea chini ya turubai.

"Tulisema si kitu, hawa watu wametoka mbali kwa ajili yetu. Na maji mulitupa, siwezi kudanganya. Kulikuwa askari mmoja mrefu, alijazia wamama madumu hata kama mukubwa wake amekataza."

"Huyo alikuwa wa kikosi changu!" kaka alisema, uso umemng'aa.

"Kisha mukaenda."

"Tuliamriwa."

"Ndiyo. Mukaenda asubuhi, wale wapiganaji wakaingia jioni. Hawakuchimba kitu. Mahandaki yenu yalikuwa tayari, mifuko ya mchanga tayari. Halafu wakaja wengine tena, na ndege, kuwafukuza hao. Masomo haiko tena."

Ninamjua kaka yangu. Maneno yasipompendeza humgeuzia msemaji sikio la kushoto. Siku ile alisogeza kiti na kumwelekezea la kulia.

"Na watoto?"

"Wakubwa wako kambi ya wakimbizi, upande wenu, Kigoma. Mudogo alibaki na bibi yake. Simu haiingii."

Kaka akasema, kama mtu anayejitetea kwa mwalimu, "Sisi tuliambiwa tumefaulu. Tulipewa nishani."

"Hongera," dereva akajibu, na naapa hakuwa na kejeli hata kidogo. Ningependa angekuwa nayo. Kejeli ningeijibu.

Alipomaliza kula, kaka alimsindikiza hadi kwenye lori. Kupitia dirisha la jikoni niliwaona wakisimama muda mrefu kando ya tairi, kaka akiuliza, mgeni akieleza, na kwa mara ya kwanza tangu arudi sikumwona kaka akiwa mwalimu. Aliporudi aliingia jikoni akaosha vyombo.

Siku chache baadaye televisheni ilimwonyesha msemaji wa taifa fulani kubwa, suti safi, akieleza kwamba operesheni itakuwa fupi, imelenga wabaya pekee, na wananchi wa huko watashukuru.

"Afande, tufafanulie," muuza vocha akasema, akimsogezea vijiti vya meno.

Kaka hakuvigusa. "Muulize watakaa wapi."

"Nani?"

"Hao askari wakifika. Watakaa kwenye jengo la nani?"

Muuza vocha akaigeukia televisheni. Mtangazaji akahamia kwenye matokeo ya mpira, na wateja wakaomba sauti iongezwe.