Kiuno cha Bwana Whitcomb

Fundi wa mavazi ya abiria wa roketi za anga za juu, pale karakana ya jangwa la Mojave, Marekani, hampimi mtu kiuno kabla hajamchekesha. Matajiri huvuta matumbo ndani. Mama huyo, pini mdomoni, huwasimulia vituko vya mbwa wake, na wakicheka tu, futi imeshawazunguka. Bwana Whitcomb, mwenye mahoteli, hakucheka.

"Andika inchi thelathini na nane."

"Likibana, bwana, huko juu utahema kama samaki nchi kavu."

"Nimesema thelathini na nane!"

Fundi akaandika thelathini na nane kwenye lebo, akakata kitambaa cha arobaini na mbili. Siku ya kujaribu, zipu ilipanda bila kukwama. "Si nilikwambia?" Whitcomb akatamba mbele ya kioo. "Kweli, bwana, umekonda," fundi akajibu, na Delphine, mshonaji mwenzake, akainamia cherehani kuficha kicheko. Ndipo yule tajiri akashusha sauti: "Mama, hivi nitarudi kweli?" Vidole vinene vya fundi vikamfunga kola polepole, kama anayemvisha mtoto siku ya kwanza ya shule. "Mishono yangu nimeirudia mara tatu. Mengine kamuulize rubani, ila kiuno chake usimuulize; naye huvuta tumbo ndani."